Imani na Utii katika Biblia ya Kiswahili: Hoja juu ya Maneno Machache ya Wafasiri

Katika maswali ambayo Wakristo wamebishana kwa muda mrefu limo hili: mtu huokoka kwa kuamini, au kwa kutii? Wako wasemao kwamba imani peke yake yatosha, na utii hufuata nyuma kama kivuli kimfuatavyo mtu. Wako pia wasemao kwamba imani isiyotii haistahili kuitwa imani. Si kusudi la makala haya kuamua kati yao. Kazi hiyo tunawaachia wenye elimu ya dini. Kusudi letu ni kutazama jinsi swali hili lilivyovikwa maneno ya Kiswahili, na kuonyesha ya kuwa sehemu ya mgongano aukutao msomaji wetu haikutoka katika maandiko ya asili, bali katika uchaguzi wa maneno ya kufasiria.

Tafsiri tutakayoihakiki ni ile ijulikanayo kwa jina la Union Version, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Iliunganisha mapokeo mawili ya pwani: yale ya Unguja, yaliyoanzishwa na Askofu Edward Steere na kukamilika katika Biblia ya mwaka 1891, baada ya kufa kwake, na yale ya Mombasa, yaliyozaa Biblia ya mwaka 1914. Hapana kitabu kilichoenea kuliko hiki miongoni mwa Wakristo wasomao Kiswahili, nasi hatuna nia ya kukidharau. Lakini kitabu kilichofunza watu wengi namna ya kusema habari za wokovu kinastahili kuchunguzwa neno kwa neno.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya maneno yenyewe. Imani na amini ni maneno ya Kiarabu, na shina lao ndilo lililotupa amana, amani na uaminifu. Kiebrania kina shina lilo hilo, ambalo kwalo manabii walisema habari za kusimama imara na kutegemewa. Kutii nako ni Kiarabu, na kuasi pia. Maneno hayo yote yalikuwa yametumika pwani kwa karne nyingi katika mafundisho ya Kiislamu kabla mmisionari wa kwanza hajashika kalamu. Basi wafasiri hawakuyaunda. Waliyakuta yamekwisha kuzoewa, kila moja na mahali pake. Amini lilikuwa jambo la moyo na ulimi, na tii lilikuwa jambo la mwenendo.

Kiyunani cha Agano Jipya hakigawanyi hivyo. Neno pistis, ambalo kwetu ni imani, ni ndugu wa kitenzi peitho, maana yake kushawishi. Aliyeshawishika humtumaini aliyemshawishi na kumfuata, na kwa Kiyunani hayo yote mawili yaweza kusemwa kwa kitenzi hicho hicho kikiwa katika hali nyingine. Katika ukoo uo huo kimo apeitheo: kukataa kushawishika, na kwa hiyo kutotii. Sasa na tutazame jinsi kitenzi hiki kilivyotendewa.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 3, aya ya 36, mwandishi anaweka watu wawili mkabala. Wa kwanza anaelezwa kwa kitenzi pisteuo, kuamini. Msomaji angetazamia kwamba wa pili ataelezwa kwa kukanushwa kwa kitenzi hicho hicho, lakini sivyo. Mwandishi amegeuza neno na kutumia apeitheo. Kinyume cha kuamini hapa si kukosa kuamini, ni kutotii. Union Version imeyasawazisha yote mawili kwa kitenzi kimoja, kuamini, mara ya kwanza kwa kukubali na mara ya pili kwa kukanusha. Sentensi imekuwa nyepesi na yenye mizani nzuri, lakini jambo ambalo mwandishi alilisema kwa kugeuza neno limepotea.

Mtu aweza kusema kwamba wafasiri walikiona kitenzi hicho kuwa na maana ya kutoamini. Ingekuwa hivyo kila mahali tusingekuwa na neno la kusema. Lakini katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 3, aya ya 18, kitenzi hicho hicho kimefasiriwa kwa kuasi. Na aya ifuatayo yataja sababu iliyowazuia watu wale wasiingie rahani, nayo ni apistia, yaani kutokuamini. Mwandishi wa Waebrania ameziweka aya hizi mbili bega kwa bega makusudi: walioasi ndio wasioamini, na wasioamini ndio walioasi. Msomaji wa Kiswahili akifika hapo huona makosa mawili yaliyofuatana. Akirudi kwa Yohana huona kosa moja tu, la kutokuamini. Hana njia ya kujua kwamba mahali pote pawili neno ni lile lile.

Mfano wa pili unatoka katika Waraka kwa Warumi. Paulo anatumia maneno mawili pamoja, hupakoe pisteos, katika sura ya 1, aya ya 5, nayo yanarudi katika sura ya 16, aya ya 26. Wako wanazuoni wanaotia shaka kama aya zile za mwisho ni za mkono wake. Hata kama si zake, zatuonyesha kwamba wasomaji wa zamani sana waliyaona maneno hayo kuwa ufunguo na kufuli ya waraka mzima. Katika Union Version ufunguo ni mmoja na kufuli ni nyingine. Mahali pa kwanza tunasoma juu ya kujitiisha kwa imani, na hapo imani ni njia. Mahali pa pili watu wanaitii imani, na hapo imani imekuwa kitu kinachotiiwa, karibu na kuwa jumla ya mafundisho. Kila tafsiri yaweza kutetewa peke yake. Zikiwekwa pamoja, zinamficha msomaji ule uhusiano ambao waraka umeujenga.

La kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na dawa. Kiunganishi chetu cha -a kina upana kama wa hali ya umilikishi ya Kiyunani. Tukisema upendo wa mama, twaweza kukusudia upendo alio nao mama au upendo wa kumpenda mama. Vivyo hivyo utii wa imani waweza kuwa utii utokao katika imani, au utii ambao ndio imani yenyewe, au utii wa kuitii imani. Wafafanuzi wamegombania maana hizi tatu, na Kiswahili kingeweza kuzibeba zote katika maneno mawili, mahali pote pawili.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, nao ni kuhesabiwa haki. Kitenzi cha Kiyunani dikaioo hakina hesabu ndani yake. Kitenzi cha kuhesabu ni logizomai, nacho Paulo anakitumia hasa katika sura ya 4 ya Warumi, anapozungumza juu ya Ibrahimu. Katika sura ya 3 yumo barazani kwa kadhi. Katika sura ya 4 ameingia dukani, mbele ya daftari. Union Version imetia hesabu katika sura zote mbili, na msomaji haoni kwamba amehama.

Nalo si jambo la mapambo tu. Katika Agano Jipya lake la mwaka 1522 Martin Luther alitia neno lenye maana ya pekee katika Warumi 3, aya ya 28, na mwaka 1530 aliandika waraka wa kujitetea. Mwaka 1547 Baraza la Trento lilijibu kwamba kufanywa mwenye haki si kusamehewa dhambi tu, bali ni kutakaswa na kufanywa upya ndani. Ndipo pakawa na pande mbili: upande mmoja mtu hutangazwa kuwa na haki, upande wa pili hufanywa kuwa nayo. Hata tamko la pamoja ambalo Walutheri na Wakatoliki walilitia sahihi mjini Augsburg mwaka 1999 halikufuta kila tofauti. Kitenzi kuhesabiwa chaegemea upande wa kwanza, na aliyekisoma tangu utoto amekwisha kuegemezwa kabla hajasikia hoja.

Lakini haki yenyewe yatutaka tuwe na insafu kwa wafasiri. Wangesema kupewa haki, Mswahili angeelewa kwamba mtu amepata stahili yake, na hiyo ni kinyume kabisa cha neema. Wangesema kufanywa mwadilifu, wangeegemea upande wa pili. Tena yapo mambo mawili ya kuwasifu: hawakuongeza neno la Luther katika Warumi, na katika Yakobo 2, aya ya 24, walitumia kuhesabiwa haki vile vile, ingawa kwa kufanya hivyo waliacha Yakobo na Paulo waonekane wakigongana. Mfasiri mwoga angelainisha. Kasoro yao ni kwamba penye maneno mawili ya asili walimpa msomaji moja.

Kabla yao mmisionari Mjerumani Karl Roehl alijaribu njia nyingine. Katika Biblia yake, iliyokamilika mwaka 1937, alikusudia kupunguza maneno ya Kiarabu, na mahali pengi ambapo wengine waliandika kumwamini yeye aliandika kumtegemea. Neno hilo lina sifa kubwa: ni la Kibantu, lina picha ya mwili unaoegemea nguzo, nalo humwepusha msomaji na wazo kwamba kuamini ni kukubali habari fulani kuwa kweli. Lakini nguzo haimtumi mtu mahali popote. Mwenye kutegemea hupumzika. Mwenye pistis huitwa, naye huondoka, kama Ibrahimu alivyoondoka. Roehl alipata joto la imani na kuuacha mguu wake.

Twaweza kuuliza sasa kama Kiswahili chenyewe, mbali na wafasiri, kinatenganisha mambo haya. Nathubutu kusema kwamba hakitenganishi. Mtoto asiyetii twasema hasikii. Atiiye ni msikivu. Methali yasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hapana adhaniye kwamba masikio ya mtu huyo yameziba. Kiyunani hufanya vivyo hivyo: hupakoe, utii, limejengwa juu ya kusikia. Katika Warumi 10 Paulo analichezea jambo hili, akilalamika kwamba si wote waliotii, kisha akisema kwamba imani huja kwa kusikia. Katika tafsiri yetu mchezo huo umepotea kati ya kutii na kusikia, ilhali kitenzi cha kwetu kinaweza kubeba pande zote mbili.

Na neno imani lenyewe, likitoka kanisani likaingia nyumbani, hupata maana nyingine. Mtu ampigaye mtoto pasipo huruma, watu humwambia hana imani. Hawasemi habari za itikadi zake. Wanahukumu tendo lake. Yakobo, katika sura ya 2, anatoa mfano wa ndugu asiye na nguo wala chakula, anayeagwa kwa maneno mema na kuachwa mikono mitupu. Anataka kuthibitisha kwamba imani ya namna hiyo imekufa, na kwa Kiyunani imempasa ajenge hoja. Kwa Kiswahili cha mitaani hoja ingekwisha kwa maneno mawili: aliyemwacha ndugu huyo hana imani. Maana hii wafasiri waliikuta katika lugha, lakini sijaona kwamba wahubiri wengi wameitumia.

Liko jambo la mwisho. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki ulilipa neno kuokoka nguvu mpya. Walokole walishuhudia kwa kusema nimeokoka, kwa njeo ya -me-, jambo lililokwisha kutendeka na hali yake ingalipo. Paulo ana njeo zote tatu: mmeokolewa, tunaookolewa, tutaokolewa. Mtu angeweza kuhofu kwamba aliyeshika ile ya kwanza peke yake angeuona utii kuwa si kitu. Lakini watu hao hao ndio waliosimama mbele ya wenzao kuungama, na kurudisha mali waliyoiba. Waliishi lile ambalo tafsiri yao ilikuwa imelitenga.

Basi tunalowaomba wafasiri wajao si mapinduzi. Penye neno moja la asili, na liwepo neno moja la Kiswahili, au tanbihi ya kumwonya msomaji. Katika Yohana 3 kutii kurudishwe mahali pake. Katika Warumi utii wa imani uwe mwanzo na mwisho. Wenye kubishana wataendelea kubishana, nayo ni haki yao. Lakini na wabishane juu ya yale ambayo mitume waliandika.