Atlas hana kosa, na hapo ndipo nilipokwama

Colleen Hoover alidaiwa kitabu hiki na wasomaji wake. It Ends with Us ya 2016 ilimtoa Lily Bloom kwenye ndoa ya kipigo, ikamwacha Atlas, mpenzi wake wa ujanani, amesimama mlangoni tu. Watu wakataka wawaone pamoja. Oktoba 2022 wakapewa It Starts with Us. Nimeimaliza kwa siku mbili, nikabaki nimeshiba nusu.

Kilichonishika ni Ryle, aliyekuwa mume wa Lily. Ni daktari wa upasuaji wa ubongo, baba wa binti yao Emmy, tena kaka wa Allysa, rafiki mkubwa wa Lily. Yaani talaka imetoka lakini mwanamume bado yupo. Anakuja kumchukua mtoto, anapiga simu, anatuma meseji. Lily anapenda upya huku akiwaza Ryle atafanya nini akijua, kama vile anahitaji ruhusa ya mtu asiye mumewe tena. Hapo Hoover anaandika kama anayejua.

Sasa Atlas. Jamani! Anapika, ana mgahawa wake Boston, anasikiliza, anasubiri, hana haraka ya kitandani, na bado anambeba mdogo wake aliyetelekezwa na mama yao. Anasimulia nusu ya sura za kitabu na sikuona hata moja iliyomfanya Lily asite kwa sababu ya tabia yake. Tunasema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lily hashtuki sana.

Nimewahi kuhoji wanawake waliotoka kwenye ndoa za namna hii kwa ajili ya makala. Zaidi ya mwanamume mpya, walichokiogopa ni macho yao wenyewe, maana yule wa kwanza nao walimwona mzuri. Ryle naye mwanzoni alikuwa mcheshi, mtanashati, anabembeleza. Utamjuaje huyu wa pili? Hoover anakwepa swali kwa kumleta mtu ambaye Lily alishamlisha na kumvisha tangu wakiwa vijana. Hilo ni penzi la zamani kurudi, kupenda upya ni kazi nyingine.

Hata hivyo sikitupi. Kuna sehemu Lily anamwekea Ryle masharti kuhusu mtoto, Allysa na mumewe wakiwa upande wake. Kurasa hizo nimezirudia. Ila usianzie hapa. Soma cha kwanza, la sivyo Ryle utamwona msumbufu tu, usielewe kwa nini simu yake ikiita Lily anabana pumzi.