Jinsi Umri wa Salamanda wa Pangoni Ulivyohesabiwa

Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Yann Voituron walitangaza kwamba olmi, salamanda kipofu anayeishi katika mito ya chini ya ardhi, anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Hakuna aliyekuwa amemlea olmi mmoja tangu yai hadi umri huo. Kundi walilolichunguza lilikuwa limefugwa kwa muda usiofika hata miaka 60. Msomaji ana haki ya kuuliza miaka mia imetoka wapi. Kwa maoni yangu hesabu ile ni halali, lakini haina budi kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu mnyama huyu yanachanganya kilichopimwa na kilichokisiwa.

Olmi, ambaye jina lake la kisayansi ni Proteus anguinus, anapatikana katika mapango ya mawe ya chokaa ya Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, na kipembe cha kaskazini mashariki mwa Italia. Ngozi yake haina rangi, na macho anayoanguliwa nayo hudumaa na kufunikwa na ngozi. Hata akikomaa habadiliki umbo kama chura anavyobadilika. Hubaki majini na matamvua yake mekundu nje ya shingo maisha yake yote. Wafaransa walianza kumfuga mwaka 1952 katika pango la Moulis, kwenye milima ya Pyrenees, mahali ambapo maji hayabadiliki joto wala hapana wa kumwinda. Kundi lilikua hadi kupita wanyama 400, na vizazi na vifo vikaandikwa daftarini kwa miongo kadhaa. Kwangu mimi daftari hilo ndilo kazi kubwa kuliko hesabu yenyewe, maana walioanza kuliandika hawakuwa na matumaini ya kuona jibu.

Atakaye kujua mtungi unaovuja utakauka lini hana haja ya kungoja ukauke. Hupima kasi ya matone. Watafiti walifanya hivyohivyo. Kutoka katika vifo vilivyoandikwa walipata kwamba salamanda aliyekomaa huishi wastani wa miaka 68.5. Kwa hesabu nyepesi, wastani huo unamaanisha kuwa katika kila mia waliokomaa, hufa mmoja au wawili tu kwa mwaka. Na kwa kuwa wastani siku zote huwa chini ya ukomo, na uwiano kati ya viwili hivyo unajulikana kwa amfibia wengine, ukomo wa olmi ukakisiwa kupita miaka 100. Jambo linaloshangaza zaidi ni udogo wake. Kwa kawaida wanyama wakubwa ndio huishi sana. Salamanda mkubwa wa Japani, anayeweza kufika kilo 20 na zaidi, ameishi kifungoni zaidi ya miaka 50, ilhali olmi ana gramu 15 hadi 20.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba kasi ya kifo haidumu. Binadamu wa miaka 30 naye hufa kwa nadra. Ukikisia ukomo wake kwa kasi hiyo utamfanya aishi karne nyingi. Kweli kabisa, na ndiyo sababu miaka 100 ibaki kuitwa makisio. Hata hivyo, wazee wa Moulis, waliokuwa wamepita miaka 50, hawakuonyesha dalili za uzee, na njia ya pili isiyotegemea vifo inaelekea upande uleule. Olmi hupevuka akiwa na miaka 15.6 kwa wastani, na jike hutaga mayai kama 35 kila baada ya miaka 12.5. Angekuwa anakufa akiwa na miaka 25, jike angetaga mara moja tu, na si mayai yote yanayofikia utu uzima. Uzazi wa taratibu kiasi hicho unahitaji maisha marefu ndipo ukoo usikatike.

Wengine husema kifungo ndicho kinachorefusha maisha. Bila shaka kinasaidia, lakini pango la kawaida nalo lina utulivu wake. Mwaka 2020 Gergely Balázs na wenzake walichapisha matokeo ya kupiga mbizi katika mapango ya mashariki mwa Herzegovina, ambako waliwatia olmi alama na kuwakamata tena baada ya miaka. Wengi hawakuwa wamesogea hata mita 10. Mmoja alikutwa palepale baada ya siku 2,569. Magazeti yaliandika kwamba hakutikisika kwa miaka saba. Kilichothibitishwa ni kwamba alikutwa mahali pale pale, na hilo peke yake linatosha kuonyesha utulivu huo.

Iko pia hoja kwamba maisha haya hayawezi kuaminiwa mpaka yaelezwe. Watafiti walitazamia kukuta mwili unaochoma nguvu polepole mno, au wenye kinga kubwa dhidi ya kemikali zinazochakaza chembe. Hawakukuta upekee wowote, si katika hili wala lile. Lakini kuhesabu na kueleza ni kazi mbili. Kukosa sababu hakufuti vifo vilivyoandikwa daftarini.

Hesabu hii ina uzito wake nje ya maabara. Katika eneo la Bela krajina, Slovenia, taka za kiwanda zenye sumu ya PCB zilimwagwa ardhini tangu miaka ya 1960 zikapenya hadi mto Krupa, na miongo kadhaa baadaye sumu hiyo ilikutwa kwa wingi katika miili ya olmi wa huko. Olmi aliyekomaa anayeonekana leo kwenye mto huo anaweza kuwa alianguliwa kabla taka za kwanza hazijamwagwa. Kumwona yeye si ushahidi kwamba wapo watoto nyuma yake. Wanaomlinda mnyama huyu wasiridhike na idadi ya wakubwa. Watafute mayai na watoto.