Vita Visivyotajwa: Uvuvi na Ukimya katika "Big Two-Hearted River"

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway, "Big Two-Hearted River", iliyotoka mwaka 1925 ikiwa na sehemu mbili, ina msuko mwepesi mno. Nick Adams anateremka garimoshi huko Seney, kaskazini mwa Michigan, anatembea hadi jioni, anapiga hema, na kesho yake anavua trauti. Hapana mhusika wa pili wa kujibizana naye. Licha ya wepesi huo, hadithi hii imezua mjadala mrefu kuhusu suala nyeti katika uhakiki: je, mhakiki ana haki gani ya kulifasiri jambo ambalo matini haikulitaja?

Jambo lenyewe ni vita. Mwaka 1952 Philip Young alishikilia kwamba Nick ni majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba safari yake ya mtoni haieleweki bila jeraha hilo. Katika A Moveable Feast, kitabu kilichotoka mwaka 1964, miaka mitatu baada ya kifo chake, Hemingway mwenyewe alieleza kuwa hadithi ilihusu kurejea kutoka vitani ingawa vita havikutajwa ndani yake. Kenneth Lynn, katika wasifu wa mwaka 1987, aliupinga msimamo huu: kwake, usomaji huo ulitiwa na wahakiki kutoka nje. Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa. Kauli ya mtunzi iliyoandikwa miongo mitatu baadaye si sehemu ya matini.

Hata hivyo, pingamizi hilo lina nguvu pale tu hadithi inapotengwa na kitabu chake. In Our Time ni mkusanyiko ambamo hadithi zinapishana na vipande vifupi vya nathari, na katika kipande cha VI Nick ameegemea ukuta wa kanisa, amepigwa risasi ya uti wa mgongo. Msomaji anayefuata mpangilio huo hufika mtoni, mwishoni mwa kitabu, akiwa ameshaliona jeraha.

Hadithi yenyewe nayo ina ushahidi wake. Seney imeteketea, panzi wamegeuka weusi kwa kuishi katika nchi iliyoungua, na Nick anajiuliza watabaki hivyo hadi lini. Ushahidi mzito zaidi, lakini, umo katika uvuvi. Nick anaulowesha mkono kabla ya kumgusa trauti mdogo anayetaka kumwachilia, kwa kuwa mkono mkavu huuondoa ute unaomkinga samaki, na kuvu hushambulia pale palipoguswa. Samaki wa namna hiyo huweza kwenda zake pasi na dalili ya jeraha, kisha akafa baadaye. Hapa ujuzi wa mvuvi na hali ya askari vinakutana bila istiara kutangazwa. Halikadhalika, trauti mkubwa anapoukata mshipi, Nick anatetemeka, anahisi kichefuchefu na kulazimika kuketi. Mshtuko wa kiasi hicho hauelezeki kwa kupotelewa na samaki peke yake.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kuliita hili fumbo. Istilahi hiyo haifai. Anayefumba hujua anachokificha, na humtegemea mwerevu ang'amue. Nick hamfumbii mtu. Ananyamaza kwa ajili yake mwenyewe, na sentensi fupi zinazoorodhesha kila tendo, kuchemsha kahawa, kukamata panzi kungali na umande, kumtia panzi kwenye ndoana, ndizo zinazomzuia asifikiri. Kuyachukulia maelezo hayo kuwa pambo la uhalisia ni kuyasoma juujuu. Kuyaruka ili kuvifikia vita ni kosa lile lile kwa upande wa pili.

Mwishoni mto unaingia kinamasi. Nick hakiingii; siku za kuvua humo, anajiambia, zipo nyingi. Hivyo basi, wanaosema mto umemponya wanaharakisha, kwa maana hadithi inamwacha mtu anayejua kipimo cha anachoweza kukihimili leo. Ukimya wa hadithi hii una mipaka iliyowekwa na matini yenyewe: majivu, ute, kinamasi. Mhakiki ana haki ya kuufasiri ukimya huo mradi aweze kuonyesha, ndani ya matini, mahali unapoanzia.