Shamba Lisilo na Jirani

Mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft ulitolewa rasmi mwaka 2011 na kampuni ya Mojang ya Uswidi, na kufikia mwaka 2023 nakala zake zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 300. Ni kitabu gani cha kilimo kilichopata kusomwa na umati wa kiasi hicho? Wako vijana wa mijini ambao mikono yao haijapata kushika mpini wa jembe, na ngano yao ya kwanza wameipanda humo. Kwa sababu hiyo mchezo huu wastahili kupimwa kwa mizani ileile ipimayo riwaya na tamthiliya: wasema nini juu ya mkulima, na ukweli wake ni wa kadiri gani? Mizani hiyo yafaa kutundikwa Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Huko liko zao moja ambalo mchezo nao unalo, yaani kakao. Na liko jingine ambalo mchezo haunalo, yaani mpunga, uliolipa jina la Kyela sifa katika masoko ya mchele.

Kwanza haki itendeke. Mchezaji huanza bila kitu mkononi. Akitaka kula mkate, huvunja majani ya porini hata apate mbegu, hutengeneza jembe, hulima udongo ulio karibu na maji, maana maji hulowesha ardhi kwa umbali wa miraba 4 tu, kisha hupanda na kungoja. Ngano hupita hatua 8 za kukua. Avunaye kabla ya wakati hurudishiwa mbegu yake na hapati suke. Arukaye juu ya udongo uliolimwa huuharibu. Tena apandaye zao moja shamba zima huona linakua polepole kuliko apandaye mistari ya mazao mbalimbali, na jambo hili mkulima wa Kyela aliyeweka mikakao yake chini ya kivuli cha migomba asingelishangaa. Zaidi ya hayo iko njaa. Hadithi nyingi za mashujaa humpitisha shujaa misitu saba bila kueleza chakula chake kilitoka wapi. Mchezo huu haumsamehe shujaa wake hesabu hiyo. Asiyepanda wala kuwinda hudhoofika. Hilo ni fundisho la heshima, na sanaa chache za burudani zimelitoa waziwazi namna hii.

Lakini kakao yafichua mengine. Watungaji waliutazama mti huu kwa makini, kwa kuwa katika mchezo tunda la kakao huning'inia kwenye shina lenyewe, kama lifanyavyo huko Kyela na kote lilimwako. Makini hiyo ikaishia hapo. Gogo lililokatwa na kusimikwa ukutani nalo huzaa, kana kwamba mti hauna haja ya mizizi. Tunda hukua kwa hatua 3, katika ulimwengu ambao usiku na mchana pamoja ni dakika 20. Mbegu zake huenda moja kwa moja jikoni: mbegu 1 ya kakao na ngano 2 hutoa biskuti 8.

Katika Kyela mkakao hulelewa kwa miaka 3 hadi 5 kabla ya kutoa mavuno ya kwanza. Tunda likipasuliwa, mbegu zenye utelezi hufunikwa zichache kwa siku kama 5 hadi 7, zikigeuzwa, ndipo zianikwe juani. Utamu wa chokoleti huanzia katika siku hizo za kuchacha. Mwenye haraka akianika mbegu mbichi hupata kitu kikali kisicho na harufu njema. Na baada ya jua liko ghala. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani mkulima hukabidhi kakao yake, hupewa karatasi, hungoja mnada, na bei huamuliwa na watu asiowaona, kwa soko lililo ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo kakao ya Kyela ina ngojeo nne: la mti, la uchachu, la jua na la bei. Mchezo umebakiza moja, tena umelifupisha.

Mtetezi wa mchezo atajibu kwamba sanaa yote ni ufupisho. Atasema kuwa tamthiliya huweka maisha ya mfalme katika saa mbili, wala hapana aiitaye uongo. Jibu hilo lina nguvu, na mhakiki hana ruhusa ya kudai miaka 5 ya kumngoja mkakao mbele ya kioo. Hata hivyo ufupisho nao huhukumiwa kwa kile unachokiacha. Mshairi akiacha neno, neno hilo husikika kwa kukosekana kwake. Katika shamba la Minecraft kilichoachwa hakisikiki hata kidogo, na kikubwa katika vilivyoachwa ni jirani.

Vijiji vimo mchezoni, na wanavijiji wana mashamba yao. Mchezaji akifika, aweza kuvuna ngano ya kijiji kizima mchana kweupe. Hapana amwulizaye. Sifa yake kijijini haipungui kwa mavuno hayo. Hupungua akimpiga mwanakijiji. Tena aweza kumgeukia mkulima huyohuyo na kumwuzia ngano hiyohiyo, mafungu ya 20 kwa kito kimoja cha zumaridi. Mchezo waijua damu lakini hauujui wizi wa mazao. Methali yasema kwamba mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Humu mlaji ni mmoja, na wakulima wengine wamekuwa sehemu ya mandhari kama miti na mawe.

Hapo ndipo umbali kati ya mchezo na Kyela unapokuwa mkubwa kuliko umbali wa ngano na mpunga. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, na katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, Monica alieleza vijiji ambavyo havikujengwa kwa ukoo. Vilijengwa na wanaume wa rika moja, waliochunga ng'ombe za baba zao pamoja wakiwa wavulana na kuhama pamoja walipokua. Vijana hao walilima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao. Msingi wa maisha hayo uliitwa ukwangala, yaani furaha ya kuwa pamoja na wenzi wema, kuzungumza na kula pamoja. Vijiji vya namna hiyo ni habari ya zamani, na si kazi ya uhakiki kuvipamba. Vyatosha kuonyesha kwamba shamba laweza kueleweka kama uhusiano wa watu kabla halijaeleweka kama udongo.

Mito nayo yashuhudia. Kyela ni nchi tambarare kati ya milima na ziwa, ipatayo mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote humwaga maji yake ziwani. Mafuriko huleta rutuba na huchukua miche. Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao umepata kuhama katika njia yake. Mto uhamapo, mtu huweza kulala akiwa na shamba upande mmoja na kuamka likiwa upande wa pili. Katika mchezo mvua haijazi mto, na maji yapitayo juu ya mimea huing'oa na kuikusanya, hata wachezaji hodari huyafungulia makusudi yawavunie. Gharika imefanywa kibarua. Kwa mkulima wa kando ya Songwe maji ni jirani mwenye tabia yake, ambaye hana budi kupatana naye kila mwaka.

Yaweza kudhaniwa kwamba chombo chenyewe, yaani mchezo wa kompyuta, hakina uwezo wa kubeba mambo haya. Dhana hiyo haisimami. Mwaka 2020 kampuni ndogo ya Japani, Edelweiss, ilitoa mchezo uitwao Sakuna: Of Rice and Ruin, ambao mpunga ndio moyo wake. Mchezaji hupandikiza miche, hupima kina cha maji, hupalilia, huvuna, hukausha, hupura na kukoboa. Na jioni nyumba nzima huketi kula kilichotoka shambani. Kazi ndefu haikuuharibu mchezo huo, maana ndiyo iliyoupa ladha. Basi upungufu wa Minecraft ni uchaguzi wa watungaji wake.

Lipo jambo moja la kuutetea bado. Wachezaji wengi wakiingia katika ulimwengu mmoja, mara huanza kuwekeana mipaka: hili shamba la fulani, avunaye apande tena. Sheria hiyo haikuandikwa na Mojang. Watu waliingia nayo kutoka makwao, na haraka waliyoileta nayo yaonyesha kwamba shamba bila sheria ya jirani halikaliki hata katika ndoto. Mchezo umewapa udongo, mbegu, jembe na njaa, na umeyafanya hayo kwa uaminifu. Kijana aliyejifunza kilimo humo amejifunza kweli kwamba chakula hutoka katika kazi. Ambalo hakufundishwa ni kwamba kila suke alilolikuta limesimama lilipandwa na mtu, na kwamba kabla ya kulikata hupigwa hodi.