Ukuta hauna masikio

Wandugu, tuambiane ukweli: wengi wetu tuko na diploma, lakini kuongea mbele ya watu kunatushinda.

Juzi hapa Alunguli nilisikiliza ekspoze moja juu ya usafiri wa mtoni. Mwenzetu alisalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akageukia ukuta, akaanza kusoma yale projekteri ilikuwa inatuonyesha. Nyuma ya dakika kumi, watu wako kwenye simu. Na wengi wetu tulikuwa tumetoka Kasuku kwa mtumbwi ile asubuhi! Hakutuuliza hata neno.

Mulinganishe na Lumumba, Léopoldville, tarehe 30 Juni 1960. Mfalme Baudouin alikuwa amekwisha kusifu kazi ya Leopold wa Pili. Lumumba hakuwa hata kwenye programu. Alianza kwa kusalimia Wakongomani wenyewe, waliopigania uhuru. Kisha akataja mambo waliyoyaishi: matusi, mapigo, mtu mweusi kuitwa "tu" na "vous" kuwekewa wazungu. Kila mtu alijiona ndani. Makofi yakalia.

Mutasema ile ilikuwa siasa, na sayansi inataka tarakimu. Sawa, tarakimu muzionyeshe. Lakini muanze na mtu aliyekaa mbele yenu. Mwenzetu angeuliza tu: "Nani leo ameogopa katikati ya mto?" Mikono ingepanda, na tarakimu zake zingepata masikio.

Kazi yake ilikuwa nzuri. Ndiyo maana inaniuma: ilipita, na hakuna aliyeisikia.