Maji Yanayojua Uzito

Mama alikuwa na namna yake ya kutoa mawe kwenye mchele. Ungo umeshamaliza kazi ya pumba na chuya, lakini kijiwe kinacholingana na punje hakipepeteki. Basi huutia mchele sufuriani, hujaza maji, huitikisa sufuria kidogo kidogo, kisha humimina taratibu kwenye sufuria ya pili. Mchele huenda na maji. Mawe hubaki yakikwaruza chini.

Mkwaruzo ule niliukumbuka Essen, Ujerumani, ndani ya jengo la kuoshea makaa ya mawe la mgodi wa Zollverein. Shimo namba 12 lilianza kazi mwaka 1932, chini ya majengo ya chuma na matofali mekundu yaliyobuniwa na Fritz Schupp na Martin Kremmer. Likapandisha hadi tani 12,000 kwa siku, hadi Desemba 1986 lilipofungwa. Leo jengo la kuoshea ni makumbusho, na nashukuru kwamba mitambo mingi haikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mgeni huingilia juu, mita 24 kutoka ardhini, kisha hushuka ghorofa kwa ghorofa. Ndivyo yalivyosafiri makaa: mikanda iliyapandisha, uzito wake ukayashusha kutoka mashine moja hadi nyingine.

Mashine niliyoizunguka mara tatu ni tangi lenye bamba la matundu. Hewa ilisukuma maji juu, ikayaachia, ikayasukuma tena. Kila maji yalipopanda, makaa na mawe vilinyanyuka pamoja. Yalipotua, jiwe, ambalo kwa ukubwa uleule lina uzito unaokaribia mara mbili ya makaa, lilitangulia chini. Mapigo yakirudiwa, tabaka hujipanga zenyewe, makaa juu na mawe chini. Aliyebuni hili alielewa maji kama anavyoyaelewa mtu aliyeosha mchele maisha yake yote.

Lakini mapande makubwa yaliachiwa mikono. Kwenye ukumbi wa mikanda walisimama vijana walioanza kazi karibuni, pamoja na wazee ambao miili yao haikuweza tena kushuka shimoni. Mkanda ukipita, waliokota mawe, katika vumbi na kelele ambazo ukimya wa sasa unaficha. Jicho lilipaswa kutofautisha weusi na weusi: makaa hung'aa, jiwe hufifia. Nilikaa pale zaidi kuliko popote, maana ustadi huo haukuacha chombo cha kuonyeshwa, ila kingo za chuma zilizolainika.

Wachimbaji wa huko jiwe lililotolewa waliliita Berge, yaani milima. Walilirundika nje, mwaka baada ya mwaka, katika nchi tambarare. Nilipotoka niliipanda njia ya lundo mojawapo. Mibetula ilikuwa imeota juu yake, na chini ya viatu vyangu mawe yalikwaruzana.