Rossi alifungasha mapema mno Asmara

Wanaomsifu mwanafizikia Bruno Rossi huanza na saketi yake ya 1930, na wana haki. Pale Arcetri, Firenze, kijana wa miaka ishirini na kitu aliunganisha valvu za redio zikawa zinaandika tukio pale tu kaunta zote za Geiger zinapopiga kwa pamoja. Ugomvi wangu naye ni wa 1933, Asmara, Eritrea, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba si wa leo.

Mpango wa Asmara ulikuwa huu. Ikiwa miale ya kosmiki ni chembe zenye chaji, usumaku wa dunia utazipinda, na karibu na ikweta upande mmoja wa anga utaleta nyingi kuliko mwingine. Rossi alikuwa ameshaitabiri tofauti hiyo. Akapanda na Sergio De Benedetti hadi mita 2,370, wakapima magharibi na mashariki. Magharibi ikazidi, maana yake chembe nyingi zina chaji chanya. Kipimo safi, ila wanafizikia wengine, Johnson, na vilevile Alvarez na Compton, walikuwa wamemtangulia Mexico mwaka huohuo.

Sasa tuje kwenye jedwali la vipimo vyake. Ili kujua ni mapigo mangapi yanasadifiana bure, bila chembe moja kupita kaunta zote, walizitenganisha kaunta na kuhesabu zikiwa mbalimbali. Hesabu hiyo ina safu yake, ya matukio ya kubahatisha, na kazi yake ni kutolewa kwenye jumla. Safu hiyo ilikuwa na namba kubwa mno. Chukua muda ambao saketi inahitaji ili kutofautisha mapigo mawili, piga hesabu utakavyo, hufiki idadi ile. Rossi aliliona hilo wala hakulificha. Kwenye ripoti yake ya 1934 alieleza kwamba mara mojamoja manyunyu mapana ya chembe yanaangukia hata kaunta zilizo mbalimbali. Kisha akasema muda haukumtosha kulichunguza zaidi.

Muda! Kaunta zipo, saketi ipo, mwinuko upo. Kilichobaki kilikuwa kusogeza kaunta moja mita moja, halafu tano, halafu kumi, na kuona idadi inashuka vipi. Ni kama mpepetaji anayeona makapi yana uzito kuliko mchele, akashangaa, akayamwaga.

Vijana wanaosoma fizikia hapa Bunia huniambia namwonea mzee wa watu: msafiri ana tarehe ya kurudi, na meli haimngoji mtu. Hoja ya meli naikubali. Nani Ituri asiyejua safari inavyoweza kukatika? Lakini kaunta hazikubaki Asmara. Alirudi Padova akajitosa kwenye ujenzi wa taasisi mpya ya fizikia, iliyofunguliwa 1937. Nimeshapiga kelele hapa kuhusu majengo: mkabidhi mtafiti hodari ramani na mafundi, na utafiti wake umekwisha. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi za Mussolini zikamfukuza kazini, na hapo hakuna wa kumlaumu. Miaka minne ya kabla yake ndiyo siisamehi.

Victor Hess asingeliacha. Mwaka 1912 alipanda kwa puto tena na tena kuipima miale ya kosmiki, mchana na usiku, hata wakati wa kupatwa kwa jua, akafika mita 5,300 hivi, hadi jua likafutwa kwenye orodha ya vyanzo vilivyoshukiwa vya miale hiyo. Hao ndio waliokuwa wanapima.

Mwaka 1938 Pierre Auger na wenzake wakafanya kile cha kusogeza kaunta, kwanza Paris, kisha juu mlimani Jungfraujoch, wakizitenganisha hadi mita 300. Wakapata manyunyu yanayotokana na chembe moja yenye nishati ya elektronivolti trilioni elfu moja.

Kazi ya Rossi iliyofuata Marekani haina doa: kupima uhai wa chembe iitwayo muoni, kisha msukumo alioutoa kwa kina Giacconi kutafuta eksirei za angani, uliozaa setilaiti ya Uhuru iliyorushwa pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Hata manyunyu aliyarudia akiwa MIT, na John Linsley wa kundi lake akanasa Volcano Ranch, New Mexico, chembe ya elektronivolti bilioni bilioni mia. Ila matangi zaidi ya 1,600 yanayonasa manyunyu hayo leo, kwenye kilomita za mraba 3,000 huko Argentina, yana jina la Auger.